Naomba ushauri: darasani nimeulizwa kama joho la Paulo nalo lina pumzi ya Mungu

Mpigachapa wa Mpakani

Bwana Yesu asifiwe, ndugu wa jukwaa hili, na ninyi mlio wa dini nyingine nawasalimu kwa heshima.

Nina duka dogo la kuchapa na kutoa fotokopi hapa Busia, upande wa Uganda, na huu ni mwaka wa pili tangu kanisa letu linipe kazi ya kufundisha darasa la Biblia la watu wazima, ambalo hukaa Jumapili baada ya ibada. Tunasoma kwa Kiswahili kwa sababu hakuna lugha nyingine inayotutosha sote. Wamo Wasamia, Wateso, Waganda wachache, wenzetu wanaovuka kutoka upande wa Kenya, na mara nyingine dereva wa lori ambaye foleni ya forodha imemlaza mpakani.

Tumefika Waraka wa Pili kwa Timotheo. Mdogo wangu wa kiume, ambaye anasomea theolojia, alikuwa nyumbani kwa likizo, nami nikamkaribisha darasani kwa furaha. Tulisoma sura ya 3 aya ya 16, "Kila andiko, lenye pumzi ya Mungu, lafaa kwa mafundisho," na watu wote wakaitikia amina. Kisha yeye akafunua ukurasa unaofuata akasoma pale Paulo anapomwagiza Timotheo amletee joho alilomwachia Karpo huko Troa, pamoja na vitabu, hasa vile vya ngozi, akauliza kwa upole kabisa, bila kucheka, kama joho hilo nalo lina pumzi ya Mungu. Kabla watu hawajatulia akatupeleka kwenye Wakorintho wa Kwanza, sura ya 1, ambapo Paulo anasema hakumbatiza mtu ila Krispo na Gayo, halafu anawakumbuka watu wa nyumbani mwa Stefana, halafu anakiri kwamba zaidi ya hao hajui kama alimbatiza mwingine. "Je," akauliza, "aliyesahau hapo ni Paulo au ni Roho Mtakatifu?" Mzee mmoja wa kanisa alifunga zipu ya mfuko wa Biblia yake, polepole, kutoka upande huu hadi upande ule, akasimama akatoka. Sauti ya zipu ile sijaisahau hadi leo.

Mchungaji wetu amenipa wiki tatu za kulirudisha darasa mahali pake. Ba'mdogo wa mume wangu, ambaye ni Mkatoliki, anasema kwao jambo hili halimkoseshi mtu usingizi. Wapo wanaosema shule imemharibu kijana. Lakini aliyeniumiza ni mama yangu mzazi, ambaye alinifundisha kusoma kwa kunishika kidole na kukipitisha juu ya Zaburi. Usiku ule aliniuliza, "Sasa mimi nikisali Zaburi, ninamsomea Mungu maneno ya nani?"

Sitaki kusimama mbele ya watu niseme jambo ambalo moyoni sina hakika nalo, wala sitaki kulivunja darasa. Naomba mnishauri nifundishe nini, na nimjibu mama nini.

Mchungaji wa Tororo

Dada, amina. Nianze kwa kusema kwamba mimi ni miongoni mwa wale wanaoamini kwamba Maandiko hayana kosa, na sitaficha hilo. Hata hivyo, kijana hakusema uongo. Aliyoyasoma yameandikwa, na sisi wachungaji tungekuwa tumewafundisha watu vizuri, asingetoka mtu mlangoni kwa sababu ya joho.

Kosa letu ni kwamba tumewaacha waumini wadhani kwamba uvuvio, yaani hiyo pumzi ya Mungu katika Maandiko, maana yake ni imla, yaani Mungu alitamka neno baada ya neno na mtume akawa kalamu tu. Hayo si mafundisho yetu. Mwaka 1978, zaidi ya viongozi na wanazuoni 200 wa kiinjili walikutana Chicago, Marekani, wakatoa tamko juu ya jambo hili ambalo hadi leo ndilo linalotajwa zaidi na watu wa msimamo wangu. Tamko hilo lenyewe linasema kwamba Mungu alitumia tabia na mitindo ya waandishi aliowachagua na kuwaandaa, na linakataa kwamba alipowapa maneno alizifuta nafsi zao. Linakiri pia kwamba namna Mungu alivyofanya hivyo kwa sehemu kubwa imebaki kuwa siri kwetu. Petro anaeleza jambo hilohilo kwa ufupi, kwamba wanadamu walinena yaliyotoka kwa Mungu, wakiongozwa na Roho Mtakatifu. Walionena ni wanadamu kweli, na yaliyonenwa yalitoka kwa Mungu kweli, na wewe huna ruhusa ya kuchagua nusu moja.

Kwa hiyo kuhusu ubatizo wa Korintho, jibu ni kwamba Paulo hakukumbuka, na Roho akahakikisha kwamba Paulo anaandika ukweli, nao ukweli ni kwamba hakukumbuka. Na kuhusu joho, mimi hulipenda sana. Wapo wasomi wengi wanaosema waraka huu haukuandikwa na Paulo bali na mfuasi wake baada ya kifo chake. Mimi huwauliza, ni nani angekaa akabuni joho lililosahaulika kwa Karpo? Mzee yuko gerezani, na aya chache mbele anamhimiza Timotheo ajitahidi kuja kabla ya wakati wa baridi.

Fundisha hayo bila woga. Ila ukifika mahali pa kusema "hapa Biblia ilikosea," simama, kwa maana sijaona mtu aliyeanza kuteremka mlima huo akajua atasimamia wapi.

Neno Tu

Nyoka hakuanza kwa kukanusha, alianza kwa kuuliza: "Ati! Hivi ndivyo alivyosema Mungu?" Mwondoe kijana darasani kabla hajawaondoa wengine.

Mpigachapa wa Mpakani

Ndugu Neno Tu, nakushukuru kwa kujali, lakini huyu ni mtoto niliyembeba mgongoni. Nikimfungia mlango wa darasa nitamkuta mezani kwa mama. Tena hata Ayubu aliuliza, na mwishoni Mungu aliwakemea rafiki zake waliokuwa na majibu yote.

Mchungaji, umenisaidia. Lakini kijana hajaishia kwenye joho. Jana amenitumia kwa simu sehemu mbili akitaka nizisome sambamba. Katika Samweli wa Pili, sura ya 24, hasira ya Bwana ndiyo inayomsukuma Daudi kuhesabu watu, na hesabu ni 800,000 kwa Israeli na 500,000 kwa Yuda. Katika Mambo ya Nyakati ya Kwanza, sura ya 21, anayemshawishi Daudi ni Shetani, na hesabu ni 1,100,000 kwa Israeli na 470,000 kwa Yuda. Nimezisoma mara nne. Sioni namna ya kuzipita nikajifanya sijaziona.

Karani wa Mbale

Mama, mimi nimestaafu ukarani na ukalimani wa mahakamani, si mtu wa theolojia, lakini kuna jambo katika barua yako ambalo wote wamelipita. Umesema una duka la kuchapa.

Waraka kwa Warumi tunauita wa Paulo, na hakuna anayebisha. Lakini katika sura ya 16 kuna mtu anayejitokeza ghafla na kusalimia kwa jina lake: "Mimi Tertio, niliyeandika waraka huu, nawasalimu katika Bwana." Mkono ni wa Tertio, waraka ni wa Paulo. Nenda tena Yeremia sura ya 36. Wakuu wanamuuliza Baruku aliyaandikaje maneno yale, naye anajibu kwamba Yeremia aliyatamka kwa kinywa chake, yeye akayaandika kwa wino kitabuni. Mfalme Yehoyakimu anakikata kitabu kwa kisu, kurasa tatu nne kila zinaposomwa, na kukitupa motoni, kwa kuwa ulikuwa wakati wa baridi na moto ulikuwa mbele yake. Yeremia na Baruku wanaandika upya, na sura inafunga kwa kusema kwamba safari hii yaliongezwa maneno mengine mengi yanayofanana na yale. Sasa kwa mwenye kudai kwamba Neno la Mungu halina budi kuwa na nakala moja isiyoongezwa nukta, Biblia yenyewe inasimulia kwamba toleo la pili lilikuwa refu kuliko la kwanza, na haioni haya kulisimulia.

Ninakuuliza wewe: mzee asiyejua kuandika akija dukani kwako akakutamkia barua, wewe ukaipanga na kuichapa, barua ile ni ya nani?

Mnubi wa Bombo

Assalaamu alaykum. Mimi ni Mwislamu, na ninaingia hapa kwa adabu kwa sababu nadhani mnachanganya mizani miwili.

Sisi tunaamini kwamba Qurani ni maneno ya Mwenyezi Mungu mwenyewe, aliyoteremshiwa Mtume Muhammad (S.A.W.) kwa njia ya Jibrili katika muda wa miaka 23, lafudhi yake, yaani maneno yenyewe, na maana yake. Mtume si mwandishi wake wala mtunzi wake. Kwa hiyo hata Kiswahili chetu ni tofauti: Qurani *iliteremshwa*, nanyi mnasema Maandiko *yalivuviwa*. Kinachoteremshwa hupokelewa kilivyo. Kinachovuviwa ni kama moto wa mhunzi, pumzi inatoka kwenye mivukuto lakini makaa ni makaa na chuma ni chuma. Tena sisi tunayo hadithi qudsi, ambayo wanazuoni wengi wanasema maana yake imetoka kwa Mwenyezi Mungu na lafudhi ni ya Mtume, na kwa sababu hiyo hatuisomi katika sala. Basi tofauti mnayoitafuta kati ya maana na lafudhi kwetu ina majina yake na nafasi zake.

Msidhani kwamba kwetu hapakuwa na mjadala. Mwaka 833 Khalifa Al-Maamun alianza kuwatahini wanazuoni kwa nguvu wakubali kwamba Qurani imeumbwa, na Imamu Ahmad bin Hanbal alifungwa na baadaye akapigwa mijeledi kwa kukataa. Swali lilikuwa linafanana na lenu kwa sura: maneno ya Mungu yakishafika kwenye ulimi na wino wa mwanadamu, ni nini ndani yake kilicho cha Mungu? Na katika kisomo pia, msomaji wa Sudani anayefuata riwaya ya Al-Duri, yaani njia mojawapo ya kisomo iliyopokewa, husoma *maliki yaumid-din* kwa ufupi, nasi tunaofuata riwaya ya Hafs tunavuta, *maaliki*, mmoja akisema Mfalme na mwingine Mwenye kumiliki. Tunaamini zote mbili zimepokewa kutoka kwa Mtume, kwa hiyo hatuziiti kosa.

Nasaha yangu kwako, dada, ni hii. Nimewasikia Wakristo wengi wa nchi hii wakiizungumzia Biblia kana kwamba iliteremka kama sisi tunavyosema Qurani iliteremka, kisha wanashtuka kumkuta Luka akisema kwamba amejitafutia habari zake. Mimi siamini kama mnavyoamini, lakini namwona Luka akieleza kazi yake waziwazi tangu mstari wa kwanza, na si haki kumdai jambo ambalo yeye mwenyewe hakulisema.

Katekista Mstaafu

Tumsifu Yesu Kristo. Nilikuwa katekista kwa muda mrefu upande wa Masaka, nimezunguka vigango kwa baiskeli nikiwa na Biblia na sufuria ya kupikia. Ndugu yetu wa Bombo amesema vizuri kuhusu Luka, na ningependa kuendelea hapo.

Kanisa Katoliki nalo halikufika hapa kwa siku moja. Papa Leo wa 13 aliandika juu ya Maandiko mwaka 1893 akiwa na tahadhari kubwa dhidi ya wasomi wa zama zake. Mwaka 1943, katikati ya vita, Papa Pius wa 12 aliwahimiza wataalamu wachunguze lugha za kale na aina za uandishi walizotumia watu wa kale. Kisha tarehe 18 Novemba 1965 Mtaguso wa Pili wa Vatikano, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, ukatoa hati iitwayo *Dei Verbum*, ambayo inasema mambo mawili kwa pamoja: kwamba Mungu ndiye mtunzi wa vitabu hivi, na kwamba wanadamu aliowachagua walitumia nguvu na vipaji vyao wenyewe, nao ni watunzi wa kweli. Haisemi karani, wala haisemi kalamu. Inasema pia kwamba vitabu hivi vinafundisha bila kosa ile kweli ambayo Mungu alitaka iandikwe kwa ajili ya wokovu wetu. Maneno hayo ya mwisho yalibishaniwa sana na maaskofu kabla ya kukubaliwa, na hata leo wapo Wakatoliki wanaoyasoma kwa upana na wengine kwa ufinyu. Ba'mdogo wa mume wako anaposema jambo hili halimkoseshi mtu usingizi, mpe salamu zangu umwambie kwamba liliwakosesha watu usingizi kwa miaka mingi.

Kwa hesabu ya Daudi, mimi sikuwahi kujaribu kuzilinganisha namba. Niliwaambia wakatekumeni wangu, waliokuwa wakijiandaa kubatizwa, kwamba mwandishi wa Mambo ya Nyakati aliishi baada ya uhamisho wa Babeli, alikuwa na habari za zamani mbele yake, na aliona haya kusema kwamba Mungu alimsukuma mtu kwenye dhambi kisha akamwadhibu. Hapo unawaona wazee wawili wa imani moja wakihangaika na swali lilelile gumu, kila mmoja kwa zama zake. Mchungaji wa Tororo hatakubaliana nami, najua.

Lakini swali lililonigusa ni la mama yako, na sijaona mtu aliyelijibu. Zaburi nyingi hazianzi na "Bwana asema." Zinaanza na mtu anayelia. Chukua Zaburi ya 88. Hakuna aya moja ndani yake ambamo Mungu anamjibu yule mtu. Nyingine nyingi za maombolezo hugeuka mwishoni zikashukuru, hii haigeuki, inaishia gizani. Ni maneno ya mwanadamu kwa Mungu tangu mwanzo hadi mwisho, na bado Wayahudi na Wakristo wote wameiweka ndani ya Neno la Mungu. Nilikuwa nikiisoma kwenye nyumba za msiba wakati ule ambapo kila wiki tulikuwa tunazika vijana, kabla dawa za UKIMWI hazijapatikana, na sikuwahi kumsikia mfiwa akiuliza ni ya nani. Mwambie mama kwamba anamsomea Mungu maneno ya mtu kama yeye, na kwamba Mungu ndiye aliyeyahifadhi ili yeye ayapate.

Mchungaji wa Tororo

Katekista, ni kweli sitakubaliana kuhusu hesabu. Huenda mmoja aliweka askari wa kawaida wa mfalme na mwingine hakuwaweka, na hata Tamko la Chicago linakubali namba za jumla na masimulizi yanayochagua habari tofauti. Ila kwa Zaburi ya 88 nakupa mkono.

Mpigachapa wa Mpakani

Karani, swali lako nimelala nalo. Nitalijibu kwa jambo lililonipata.

Mwaka jana alikuja mzee kutoka kijijini akitaka kumwandikia afisa wa ardhi kuhusu shamba lake. Alizungumza Kisamia, na ofisi ile ilitaka barua kwa Kiingereza. Aliniambia, "Andika kwamba mtoto wa ndugu yangu amenila." Nikaandika kwamba amevamia sehemu ya ardhi yangu bila ridhaa. Alisimulia kuanzia kwa babu yake, mimi nikaanzia na namba ya kiwanja. Nilipomaliza nilimrudishia yote kwa Kisamia, sentensi kwa sentensi, naye alikuwa akitikisa kichwa na kusema, "Hivyo ndivyo nilivyosema." Akaweka dole gumba kwenye wino, akaligandamiza chini ya karatasi. Kwa hiyo, Karani, barua ilikuwa yake, ingawa hakuna neno hata moja lililokuwa limetoka kinywani mwake kwa umbo lile.

Baada ya wiki mbili akarudi na karatasi. Barua ilikuwa imerudishwa kwa sababu nilikuwa nimechapa kiwanja 47 badala ya 74. Nilitaka ardhi ipasuke inimeze. Mzee hakukasirika. Alisema tu, "Maneno ni yangu, namba ni yako," akasubiri nirekebishe, na hakukubali nimpunguzie bei.

Sijui kama ni sawa kuileta habari hii kwenye Maandiko matakatifu. Lakini niliposoma tena zile hesabu za Daudi, sauti ya yule mzee ndiyo niliyoisikia.

Mchungaji wa Tororo

Dada, habari yako ni nzuri, na ndiyo sababu inanitia hofu. Mzee wako hakuwa na uwezo wa kusoma ulichochapa, Mungu anao. Mzee alitegemea uaminifu wako, lakini Roho Mtakatifu hakuwa mteja aliyekaa upande wa pili wa meza. Ndiyo maana sisi tunasema kwamba maandishi ya kwanza kabisa, yaliyotoka mikononi mwa mitume na manabii, hayakuwa na kosa, na makosa ya namba yaliingia baadaye kwa wanakili. Hati za Kiebrania za kale zilinakiliwa kwa mkono kwa karne nyingi, na namba ndizo zilizo rahisi kuharibika. Hapo mzee wako na mimi tunapatana: namba ni ya mpiga chapa. Ila ukisema namba ni ya Samweli mwenyewe, basi kesho mtu atasema ufufuo nao ni namba.

Mfasiri

Nimekuwa nikisoma kimya, lakini Mchungaji amefika kwenye eneo langu, maana nilishiriki miaka kadhaa katika kutafsiri sehemu za Agano Jipya kwa lugha mojawapo ya magharibi mwa nchi. Hoja ya maandishi ya kwanza naiheshimu, lakini hakuna mtu aliye hai aliyewahi kuyaona. Katika hati mbili maarufu za karne ya 4, ile ya Vatikano na ile ya Sinai, Injili ya Marko inakwisha sura ya 16 aya ya 8, wanawake wakikimbia kwa hofu bila kumwambia mtu. Darasa la dada linasoma kile lilicho nacho mkononi, ambacho ni tafsiri.

Na hapo nina jambo la kumwonyesha. Aya yenyewe inayogombaniwa imefika kwetu kwa njia mbili. Biblia ya Union inasema "Kila andiko, lenye pumzi ya Mungu, lafaa." Habari Njema inasema Maandiko "yameandikwa kwa uongozi wa Mungu." Pumzi na uongozi si kitu kimoja. Neno la Kigiriki ni *theopneustos*, limejengwa na Mungu na kupuliza, na halipatikani mahali pengine popote katika Biblia, kwa hiyo hatuna aya ya pili ya kulipimia. Tena katika Kigiriki hakuna kitenzi "ni" pale, na hati za kale hazikuwa na alama za mkato kama zetu, kwa hiyo unaweza kusoma "kila andiko lina pumzi ya Mungu, nalo lafaa," au "kila andiko lenye pumzi ya Mungu lafaa pia." Zile koma mbili za Union mtu mmoja aliamua kuziweka. Nimekaa vikao vya siku nzima kwa ajili ya koma, na chai ikapoa.

Waganda wa kwanza walioamini waliitwa *abasomi*, wasomaji, na hata sasa kwa Kiganda *okusoma* ni kusoma na pia ni kwenda kusali. Biblia nzima ya Kiganda ilitoka mwaka 1896 kwa kazi ya mmisionari Pilkington, mzaliwa wa Ireland, na Muganda Henry Wright Duta, ambaye jina lake watu husahau kulitaja. Kuna chapa yake nene na nyembamba kwa upana, iliyokatwa ili ienee kwenye kopo la biskuti, mchwa wasiile. Nimeishika moja, inafanana na tofali. Watu waliipokea kwa njaa, nao wakaifuata kwa ukali. Mwaka 1914 wafuasi wa Malaki Musajjakawa na Joswa Kate Mugema walijitenga, wakakataa dawa za hospitali kwa kutegemea walivyoyasoma Maandiko. Kiganda kina neno moja, *eddagala*, kwa dawa ya hospitali na kwa dawa ya mganga wa kienyeji, kwa hiyo ni rahisi msomaji kuzichanganya. Ukimwambia mtu kwamba kila neno lililo mbele yake limetoka kinywani mwa Mungu, bila kumwambia kwamba lilipita pia kwenye lugha, umemwachia mzigo ambao Duta mwenyewe asingeukubali.

Karani wa Mbale

Na Semei Kakungulu, yule kiongozi wa kijeshi wa Kiganda, alipitia kwa hao Wamalaki kabla ya kusoma Torati hapa kwetu Mbale na kutahiriwa mwaka 1919, ndiyo asili ya Abayudaya, Wayahudi wa Uganda. Biblia ileile moja. Samahani kwa kutoka nje kidogo.

Neno Tu

Nimesoma yote. Bado sipendi namna kijana alivyouliza. Lakini aya ya Tertio sikuwahi kuiona, na ninasoma Biblia kila siku tangu niokoke.

Mpigachapa wa Mpakani

Ninarudi kuwajulisha, kwa sababu mlinipa muda wenu.

Jumapili iliyopita nilifundisha. Mdogo wangu alikubali kukaa na kusoma aya nitakazomwomba, na kutouliza lolote siku hiyo. Nilianza na salamu ya Tertio, kisha Luka, kisha pale Paulo anapowaambia Wakorintho katika sura ya 7, kwanza "si mimi, ila Bwana," na baada ya aya moja "mimi, wala si Bwana." Nilisema wazi kwamba sijui mpaka wa mkono wa Mungu na mkono wa mtu uko wapi, na kwamba wapo watumishi waaminifu wanaouweka mahali tofauti. Nilieleza msimamo wa Mchungaji wa Tororo na wa Katekista, bila kutaja mahali nilipoupata. Hesabu za Daudi sikuzigusa. Labda ni woga, labda ni busara, mtanihukumu ninyi.

Mama alisoma Zaburi ya 88 yote kwa sauti. Alipofika mwisho alinyamaza, akaangalia kama kuna ukurasa mwingine.

Yule mzee wa kanisa alikuwa amerudi, amekaa karibu na mlango, Biblia imefunguliwa magotini. Hakusema neno darasa zima. Watu walipokuwa wakitoka alinifuata hadi penye mwembe akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwalimu, lile joho, lilimfikia kabla ya baridi?"

Nilimjibu kwamba Maandiko hayasemi.